Mduara wa Kona ya Kulia

Kituoni walimwita Mikono, na wengi wao hawakujua jina lake jingine. Kwa miaka kumi na moja, kila jioni saa moja kamili, alisimama mbele ya kitambaa cha kijani katika chumba kisichozidi stoo ya mifagio, taa ikimchoma utosini, akaitafsiri taarifa ya habari kwa lugha ya alama. Majumbani mwa watu alionekana ndani ya mduara mdogo, kona ya chini kulia, ukubwa wa kisosi. Wenye masikio yao walimzoea kama mtu anavyozoea ufa wa ukuta wake. Watoto walimwigiza. Bibi mmoja aliwahi kuandika barua kuuliza yule mama anafukuza nzi gani miaka yote hiyo, na kituo hakifanyi usafi?

Ila kulikuwa na mtaa mmoja ambako mduara ule ndio uliokuwa televisheni, na yote yaliyobaki yalikuwa mapambo. Huo ni mtaa wa mafundi, kando ya reli, na humo ilikuwamo karakana ya maseremala sita, viziwi wote sita. Mkuu wao alikuwa kaka yake Mikono, mkubwa kwake kwa miaka mitatu. Jioni ikifika walizima mashine, wakapangusa vumbi la mbao kwenye kioo cha televisheni, wakaketi juu ya mbao zisizorandwa. Wao hawakumwita Mikono, kwani mikono kila mtu anayo. Walimwita kwa kugusa kidevu na kidole gumba, kwa sababu ya doa jeusi alilozaliwa nalo hapo.

Lugha hiyo ya alama Mikono hakujifunza shuleni. Aliipata nyumbani, sakafuni, akigombana na kaka yake. Na katika ugomvi kaka alikuwa na ushindi wake mmoja: akichoka kusikiliza, anafumba macho. Basi, mjadala umekwisha. Dada anaweza kupunga mikono mpaka kesho, hakuna anayemsikia. Ndipo alipokuwa akimrukia na kumpanua kope kwa vidole, mpaka wote wawili wanaangua kicheko na mama anatoka jikoni kuuliza nani anaua mwenzake.

Kituo chenyewe kilikuwa maskini wa picha. Kilikuwa na mkanda mmoja wa sokoni, wenye mbuzi mweupe akipita katikati ya watu, na mkanda huo ulionyeshwa bei zikipanda, wezi wakikamatwa na maradhi yakiingia mjini. Siku moja kaka alimuuliza, "Huyu mbuzi kafanya nini? Kila habari yumo."

"Achana na picha, zinachanganywa ovyo," Mikono alimjibu. "Wewe niangalie mimi. Likiwepo neno, nitalisema mimi."

Kaka akawaambia wenzake, na likawa sheria ya karakana.

Kisha kituo kikauzwa. Aliyekinunua alikuwa tajiri wa magodoro, na wafanyakazi walitaniana kwenye ngazi kwamba angalau sasa watalala vizuri. Utani ulikwisha wiki ya pili. Kila Jumatatu ilibandikwa mlangoni mwa studio karatasi ya takwimu za watazamaji: wenzao wa kituo cha ng'ambo ya barabara wangapi, wao wangapi, na kila msomaji habari na namba yake kando ya picha yake, kama mtihani wa darasa la tatu. Watu wazima wenye wajukuu walisimama pale wakitafuta namba zao kwa kidole, na wengine hawakula chakula cha mchana siku hiyo.

Aliyekuwa akiongoza ni msomaji habari mkuu, waliyemwita Radi kwa ajili ya sauti yake. Mtu mwema, Radi. Meza yake ya kulia, ya watu wanane, ilichongwa na kaka yake Mikono, na hakuna mgeni aliyeketi hapo bila kusimuliwa habari za yule fundi kiziwi mwenye mikono ya ajabu.

Meneja mpya alimwita Mikono ofisini. Alikuwa na adabu zote, na adabu hizo ndizo zilizokera.

"Dada, mimi na wewe hatuna ugomvi hata kidogo," alisema. "Lakini tumefanya utafiti. Wanaofuata mkalimani kwenye habari zetu ni sifuri. Si wachache, dada. Sifuri."

"Mliwauliza vipi?"

"Kwa simu. Watu elfu moja na mia mbili."

"Mliwapigia simu viziwi?"

Meneja alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona anacheka peke yake aliitazama tena karatasi yake. "Inawezekana kuna kasoro hapo," alisema. "Lakini asiyehesabiwa, dada yangu, siwezi kumuuza kwa mwenye tangazo. Na ile kona ina mteja tayari."

Mikono alimwendea Radi, kwani akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Radi alimshika bega. "Niachie mimi, mdogo wangu. Nitasema kikaoni, na wakibisha nitasema tena." Kikao kilipofika, meneja alisoma namba, na namba ya Radi ilikuwa imeshuka kidogo. Ilipotajwa kona ya mduara, Radi alikuwa akikoroga chai ambayo alikwisha kuinywa. Baadaye, koridoni, alisema, "Unajua mambo yalivyo."

"Sijui," Mikono alijibu. "Niambie."

Radi aliitazama saa yake, akaingia studio. 

Barua ya kutoongezewa mkataba ilikuja na karatasi nyingine ya kutia saini, na ndani yake aya moja ilisema kwamba picha na sauti zake zote zilizorekodiwa zitabaki kuwa mali ya kituo. Sauti! Nusura acheke. Miaka kumi na moja, na hawakuwahi hata kumfungia kipaza sauti. Alitia saini haraka ili asilie mbele yao, akakunja vitambaa vyake vya kufutia jasho, akaenda zake.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hili si la tajiri wala la meneja. Hakumwambia kaka yake. Mtu aliyetangaza mtaa mzima, kwa ishara ambazo hata wauza matunda walizielewa, kwamba dada yake yuko kwenye televisheni, unamwambiaje kwamba televisheni imehesabu watu ikakuta nyinyi hampo? Alimwandikia: niko likizo, kona wameikodisha kwa muda, nitarudi. Kaka akajibu: pumzika, unastahili. Wiki ikawa ya pili, ikawa ya tano. Mikono akaacha kwenda karakana. Leo mafua, kesho wageni. Televisheni yake aliifunika shuka, nyumba ikawa kama imefiwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliitembea polepole kweli kweli, akitumaini itaongezeka.

Wiki ya saba, Jumatatu jioni, alikuwa akimenya viazi simu yake ilipotetemeka. Ni kaka. "Tumekuona! Umerudi. Hapa wanashangilia mpaka vumbi limetujaa puani. Ile blauzi ya bluu inakupendeza."

Alisimama na kisu mkononi. Blauzi ya bluu aliiunguza kwa pasi mwaka jana. Akawaza: watakuwa wamerudia kipindi fulani cha zamani. Na badala ya kuogopa, Mungu amsamehe, alipumua. Uongo wake ulikuwa umepata siku nyingine ya kuishi. Akafuta vidole kwenye kanga, akaandika neno moja, "Asante," akarudi kwenye viazi.

Alhamisi asubuhi alipigiwa simu na mama mshonaji, jirani wa karakana. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo.

"Uko wapi? Njoo upesi! Wanavunja, na kaka yako amesimama mbele ya tingatinga. Wanamfokea atoke, na yeye hasikii!"

Alipofika, kaka alikuwa amekwisha kuondolewa na askari wawili. Karakana haikuwapo. Paa lilikuwa limelala chini, na chini yake makabati ya watu yaliyokuwa yakisubiri rangi, mashine ya kuranda, misumeno, kopo la gundi lililopasuka na kutambaa juu ya vumbi. Maseremala watano walikuwa wakivuta mbao kwa mikono mitupu. Vibanda vya majirani navyo vilivunjwa, lakini vilikuwa vitupu. Wenyewe walikwisha kuhamisha kila kitu hadi misumari.

"Mbona wao hawakuhamisha?" Mikono aliuliza.

Mama mshonaji alimkazia macho. "Unaniuliza mimi? Ilitangazwa Jumatatu kwenye habari zenu. Radi mwenyewe alisoma, mpaka Jumatano jioni mtaa uwe mtupu. Sisi tulianza kubeba jana alfajiri. Nikamwendea kaka yako, nikamwonyesha hivi, kwamba tingatinga linakuja, vunja, beba. Akatabasamu. Akagusa kidevu, akaonyesha televisheni, akatikisa kichwa. Alikuwa akiniambia, kama kuna neno, dada yangu angesema. Akanisaidia hata kubeba cherehani yangu, maskini, halafu akarudi kuranda mbao."

Gari la kituo lilikuwa limeegeshwa hapo, mpiga picha akipiga magofu. Alimwona Mikono, akaja mbio kwa furaha. "Dada Mikono! Za siku? Nilijua hawakuwezi, nikakuona Jumatatu umerudi."

"Sijarudi."

"Lakini si tunakuona?" Akasita, kisha akapunguza sauti. "Aa. Kumbe ndiyo hiyo. Wakaguzi wa utangazaji walikuja, wakasema sheria inataka mkalimani. Nikasikia meneja anamwambia fundi mitambo atafute mikanda yako ya zamani, aiweke tu, nani atajua." Alijaribu kucheka, kisha akaona haya. "Ile habari ya Jumatatu imetupa namba moja, dada. Tumewapita wale wa ng'ambo."

Nani atajua. Watu sita walijua kusoma mikono ile, na waliisoma yote, neno kwa neno, wameketi juu ya mbao zao. Radi alikuwa akisema reli, vibanda, Jumatano, kuvunja. Mtaa wao wenyewe ukionekana kwenye kioo. Na konani mwanamke wa blauzi ya bluu akiwaambia kwa uso mkunjufu kwamba timu ya vijana imetoka sare na mvua zitakuwa za wastani. Waliuona mtaa wao, ndiyo. Wakasema, picha zimechanganywa tena. Tumwangalie yeye.

Kaka yake alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, mikono imejaa vumbi hadi viwikoni. Mikono alipiga magoti mbele yake.

"Kaka, si mimi," alisema, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kukosea mbele ya taa, vilikuwa vikigongana. "Waliniachisha. Wiki saba sasa. Ile ni mikanda ya zamani. Sikuwa mimi."

Kaka aliitazama mikono hiyo mpaka ilipotulia. Hakukasirika, na Mikono angelipenda akasirike. Alitoa simu mfukoni, kioo chake kimepasuka, akatafuta taratibu, akamgeuzia. Ujumbe wake ulikuwapo pale, wa kushangilia, wenye vumbi puani. Na chini yake neno moja, la Jumatatu, saa moja na dakika arobaini. Aliweka kidole gumba chini ya neno hilo na kukiacha hapo.

"Nilikuandikia, ukajibu," alisema kwa mkono mmoja. "Huyu wa kwenye simu naye ni mkanda?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na Mikono alilijua hilo, lakini mikono haikukubali kukaa. Ilimwambia aliona aibu. Ilimwambia kuhusu elfu moja na mia mbili waliopigiwa simu, kuhusu sifuri. Ilimwambia kwamba siku ile alikuwa anamenya viazi tu, hakujua, wallahi hakujua, na kwamba kesho ataandika barua, ataenda kwa wakaguzi, atasimama mbele ya Radi na kumtemea mate. Na mama mshonaji, aliyesimama pembeni, hakuelewa neno, akalia.

Katikati ya sentensi, kaka yake alifumba macho.

Mikono aliinua vidole mpaka karibu na kope zake, kama zamani. Vumbi la mbao lilikuwa limenasa kwenye kope hizo. Havikugusa, akavishusha. Nyuma yao mpiga picha alikuwa bado anapiga, na saa moja jioni wangeonyeshwa wote wawili, na konani yule mwingine wa blauzi ya bluu akieleza habari za mwaka jana. Mikono aliendelea kuzungumza. Alimaliza sentensi yake, akaanza nyingine, na kaka yake hakufumbua macho.