Vipande Sita vya Bi Wembe

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba leo Jumatatu, saa mbili asubuhi, sayansi ya kisasa inapiga hatua kubwa katika vita dhidi ya saratani. Hatua yenyewe ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayevunja chupa ya sosi ya pilipili kwa nyundo.

Ameifunika chupa kwa taulo. Anagonga mara tatu, kwa nguvu kuliko kazi inavyohitaji.

"Waliuingizaje humu?" anafoka.

"Mimi nimetumwa tu, Bi Wembe," anajibu tarishi wa wodini, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango.

"Uvimbe unaingia ukiwa laini. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, ikikolea, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu. Hautoki! Mtu kakatwa titi, wao wanalisindika kama achari. Hata lebo hawakubandua!"

Tarishi anajiondokea.

Jina halisi la Bi Wembe linajulikana na ofisi ya mishahara na mumewe, ingawa kwa mumewe hakuna uhakika. Ni fundi wa maabara ya hospitali. Kwa miaka ishirini na minne kazi yake imekuwa kuzamisha nyama za wagonjwa kwenye nta, kisha kuzikata kwa mashine yenye wembe. Vipande vyake ni vyembamba mno, vinaelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa.

Uvimbe wa leo ni wa fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Daktari wake anataka kujua kama jeni za seli shina zimewaka ndani yake.

"Ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza tumboni, seli zako zilikuwa hazijachagua kazi," Bi Wembe anamweleza mwandishi wa makala haya, huku akiokota vigae kwa koleo. "Hizo ni seli shina. Zina jeni zinazoziambia gawanyikeni, gawanyikeni. Zikishakuwa ini au ngozi, nyingi ya jeni hizo huzimwa. Kila mtu anashika kazi yake."

Katika baadhi ya saratani jeni hizo huwashwa upya. Ni kama bweni ambalo kengele ya kulala imelia, taa zimezimwa, kisha wahuni wachache wanaziwasha na kuanza kuruka juu ya vitanda. Mara nyingi uvimbe wa aina hiyo hukua haraka na kusambaa upesi. Daktari akijua mapema, anapanga matibabu makali zaidi. Asipojua, anabahatisha.

Mashine ya kusoma jeni inadai vipande sita. Visipotimia, fundi cherehani atakatwa tena.

Bi Wembe anapasua uvimbe. Una ukubwa wa yai, lakini fomalini haikufika ndani. Kati pameoza. Pazima ni ukingo mmoja tu, mdogo kama punje ya haragwe.

Ananyanyua simu na kumtafuta daktari wa upasuaji.

"Daktari, habari za kazi. Ile sosi mliimalizia kwa chakula gani?"

"Bi Wembe, chupa zetu zimekwisha. Tuliagiza tangu mwezi wa tatu."

"Na kunipigia simu, nako mliagiza?"

Anakata simu kabla hajajibiwa. Mwezi uliopita alipokea sampuli mia mbili na kumi. Thelathini na moja zilifika zimeharibika, nyingine ndani ya maji matupu, moja ndani ya glovu iliyofungwa fundo.

"Nikisema, naambiwa nina mdomo," anasema. "Ninao. Ule uvimbe hauna."

Jumatano punje ile iko ndani ya nta, imepozwa juu ya barafu. Bi Wembe anazungusha gurudumu polepole. Utepe wa vipande unatoka, kimoja kimeshikana na kingine. Hakuna anayeruhusiwa hata kupiga chafya. Vinapatikana vinane, kisha punje inaisha. Ghafla tarishi anafungua mlango, upepo unaingia, na vipande viwili vya mwisho vinapeperuka na kupotea.

Vinabaki sita. Vinatosha, lakini akiba hakuna.

Bi Wembe ana mpango. Ameshakusanya vyombo arobaini vyenye mdomo mpana. Kuanzia Jumatatu ijayo atasimama na toroli mlangoni pa chumba cha upasuaji. "Atakayetoka na chupa ya sosi," anasema, "atainywa."

Makala haya yalikusudiwa kuishia hapo. Kwa bahati mbaya, Bi Wembe ameomba kuyasoma kwanza.

"Tarishi?" anauliza, akishusha miwani. "Jumatano tarishi hakuja kazini."

"Basi labda ilikuwa feni."

"Wewe mtoto wa kaka yangu. Unaona feni humu?"

"Hapana, shangazi."

"Umenisikia wiki nzima nikiwagombeza watu kwa uzembe, na umeandika vizuri kweli. Sasa andika na wako."

Mlango haukufunguliwa. Mwandishi, aliyeambiwa abane pumzi, alikumbuka lile swali la sosi kumaliziwa kwa chakula gani, akacheka kwa puani. Vipande viwili viliondoka na pumzi hiyo. Ndivyo vilivyokuwa akiba.

Jibu linatoka Alhamisi ya wiki ijayo. Mashine ikigoma, fundi cherehani atarudi mezani pa upasuaji, na safari hii hakutakuwa na chupa ya kulaumu. Nitakuwa mimi.