Nilimjibu Mtani kwa Stika, Jeneza Likanisubiri

Kosa langu limenigharimu mtu mmoja: yule pekee duniani aliyekuwa na haki ya kunitukana bure. Nimepiga hesabu, nimeirudia, jibu ni lile lile. Hasara tupu!

Naandika bila jina kwa sababu nauza viatu vya mitumba Masasi mjini, na mteja akiijua habari hii ataitumia kuniomba punguzo. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Ila kosa ni langu. Si la simu, si la mtandao, wala si la shetani. Shetani siku ile alikuwa na shughuli zake.

Niwaeleze vizuri. Ukoo wetu na ukoo mmoja wa Makote, kule Newala, ni watani tangu enzi za mababu. Na utani wetu si wa kuchekeana tu barabarani. Mtani akifiwa, unakwenda. Unavaa kofia ya marehemu, unatembea kama alivyokuwa akitembea, unadai deni ambalo hakukopa, unalala mbele ya jeneza njia isipitike, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Ndipo mtu azikwe. Msiba usio na mtani ni kama ugali wa mgonjwa: unaliwa, lakini nani aliufurahia?

Mtani wangu mimi ni Baba Rehema, mkulima wa korosho. Yeye husema watu wa Masasi tumezaliwa katikati ya majabali ndiyo maana vichwani hakupenyi kitu. Mimi humwambia wao wa huko juu huteremka bondeni kuchota maji wakiwa vijana, wakarudi na ndoo na mvi. Hapo tumeanza kusalimiana tu.

Baba yake tulimwita Mzee. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amekaa barazani anabangua korosho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kumbe bado hujafa?"

"Nasubiri utangulie, nirithi bakora."

"Bakora utaichukua," akasema. "Lakini siku hiyo uje mwenyewe! Usinitumie mtu. Huyu bibi yako, mke wangu, akilia, halii vizuri, anaweza kuanguka. Nataka umchekeshe."

Nikaahidi. Kwa mdomo wangu huu huu ninaopunguzia watu bei.

Sasa njooni kwenye simu. Nilinunua simu janja iliyotumika, kwa sababu sinunui kitu kipya wakati cha zamani kinafanya kazi ile ile. Haikuchukua muda ikaanza kugoma. Nikaipeleka kwa fundi.

"Imejaa, mzee," akaniambia.

"Imejaa nini, mbona sijaweka kitu?"

Akanionyesha. Jamani! Maua ya asubuhi njema. Maua ya Ijumaa kareem, na mimi ni Mkristo. Video ya mbuzi anayecheza ngoma, nimeletewa na watu tofauti zaidi ya kumi. Na magrupu: la ukoo na watani wetu, la wauza viatu, la wazazi wa shule, la harusi ambayo bibi harusi tayari amejifungua mtoto wa pili.

"Nunua kadi ya kumbukumbu," fundi akasema.

"Na nikifuta kitu, ni bei gani?"

"Kufuta ni bure."

Neno bure! Hapo ndipo nilipoangamia. Nikamwambia aifute ile programu ya kijani, ile ya watu wote, maana ndiyo iliyokula nusu ya simu. Fundi akanitazama.

"Lakini mzee, watu wote wako huku."

"Watu wote ndio tatizo lenyewe."

Akaniwekea nyingine, ya bluu, nyepesi, isiyokula bando. Ndani yake hakukuwa na mtu ninayemjua. Kimya kama shamba baada ya msimu. Nikajiona mjanja kuliko mji mzima.

Ila binadamu hawezi kukaa bila wa kumtukana. Nikampigia Baba Rehema, nikambembeleza naye aiweke. Akakataa.

"Watu wako huku, wewe. Nije huko kufanya nini? Kukutazama sura?"

Nikamshawishi kama ninavyomshawishi mteja mwenye kiatu kimoja mkononi. Nikamwambia huku stika ni nzuri, bando haliishi, na hakuna anayetangaza michango. Akakubali, kwa ajili yangu tu. Basi kile kikawa chumba chetu cha utani, mimi na yeye. Asubuhi ananitumia picha ya bibo, tunda la mkorosho, lililokanyagwa, chini ameandika, "Nimekuona njiani." Mimi namtumia punda amebeba ndoo. Siku moja aliniandikia kwamba yeye mwenyewe amekufa, anaomba nauli ya kwenda peponi. Nikamjibu ashukie motoni, ni karibu. Baadaye akamwua Mzee humo humo kwa maandishi, akadai nimpelekee sanda ya mtumba. Nilicheka mpaka mteja akaondoka bila kununua.

Mnaona kinachokuja? Mimi sikukiona.

Asubuhi ile nilikuwa nafungua belo jipya la viatu. Kufungua belo ni kama kuoa: umeshalipa, ndipo unaona ulichopata. Nahesabu pea, narudia, na katika kurudia simu ikalia. Ujumbe wa Baba Rehema, kwenye ile ya bluu:

"Mtani, Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika leo alasiri. Njoo."

Nikacheka! Mungu wangu, nilicheka. Nikatafuta stika ya mtu ndani ya sanda anayeketi na kuomba chai. Nikamtumia. Chini nikaandika: "Mwambie asizikwe kabla sijamaliza belo. Na kofia yangu asiichafue."

Punde simu ikaita. Jina lake. Nikasema huyu ameona maandishi hayakunishika, sasa anataka kunikamata kwa sauti. Nikaitazama ikiita mpaka ikachoka. Ikaita tena.

Mama mmoja aliyekuwa akijaribu viatu akaniambia, "Si upokee, kaka?"

"Huyu ni mtani wangu. Anatangaza kifo cha baba yake."

"Kwani baba yake amekufa?"

"Kila mwezi."

Tukacheka wote wawili. Nikaizima simu sauti, nikaendelea kupanga viatu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mke wangu alipofika sokoni, Mama Stella. Alikuwa ametoka Lukuledi kwa wazazi wake, na shambani kwao mtandao haufiki. Gari lilipoingia mjini, jumbe zote zikamwangukia kwa pamoja kwenye ile ya kijani, ambayo yeye hakuifuta maana hakuwa na mume mjanja wa kumshauri vizuri.

Hakunisalimia. Alisimama mbele ya meza.

"Wewe uko hapa?"

"Ulitaka niwe wapi?"

"Watu wanakungoja Makote na maiti!"

Akanipa simu yake. Grupu la ukoo lilikuwa limejaa pole tangu alfajiri, mstari juu ya mstari. Innalillahi. Poleni sana. Mungu awatie nguvu. Ile takataka niliyoifuta ndiyo iliyokuwa inasema kweli. Na mwishoni mtu ameuliza: "Mtani ameshafika?" Mwingine akajibu: "Hajafika. Jeneza liko uani."

Nilikaa juu ya belo.

Gari la mwisho la Newala lilikuwa limeshaondoka, nikafika Makote kesho yake asubuhi. Dada yake Baba Rehema akanipokea njiani na kunisimulia yote, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Alisema ujumbe wangu ulipoingia, Baba Rehema aliuonyesha kwa wafiwa. Watu walicheka sana! Walisema, "Huyo ameshaanza, yuko njiani." Bibi akaitoa kofia ya Mzee na bakora, akasimama nazo mlangoni tayari kunipa. Alasiri ikaingia. Wakaswali. Wakasema tumsubiri kidogo, ameshatuma neno. Kila gari lililosikika, watu waligeuza shingo. Mwisho shehe akasema maiti hacheleweshwi, akachukuliwa. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna aliyelala. Na Bibi alianguka kweli, kama Mzee alivyosema.

Stika yangu ndiyo iliyowafanya wasubiri. Ningekaa kimya kabisa, wangemtafuta mtani mwingine.

Nikaingia uani. Baba Rehema alikuwa amekaa mkekani. Nimekuja nimejiandaa kwa matusi ya kila aina, mengine nimejitungia mwenyewe njiani nimsaidie. Akanyanyuka, akanipa mkono.

"Karibu, Baba Stella. Asante kwa kuja. Pole na safari."

Baba Stella! Tangu tufahamiane hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni mtani, au jabali, au bibo. Nikajaribu kumchokoza: "Umekonda, wewe, au Mzee ameondoka na nyama zako?" Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ni kweli, ndugu yangu. Msiba ni mzito." Akaagiza niletewe kiti. Kiti! Mtani huwa anakaa anapotaka, anapora sinia la watu. Mimi nikaletewa kiti, na kuku, na maji ya kunawa, kama afisa kutoka wilayani.

Kabla sijaondoka nikaenda kumpa pole Bibi ndani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, usijilaumu. Baba yake Rehema ametuambia. Ulipomaliza tu kutuma ule ujumbe, simu yako ikaharibika, hukujua saa ya maziko."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Hilo ni kosa la pili, na hilo nalo liandikeni.

Bibi akainuka kwa taabu, akarudi na mfuko wa korosho. Zile alizokuwa akibangua Mzee barazani. "Ukauze mjini," akasema, "upate cha kuitengenezea simu, tusikukose tena."

Nimeirudisha programu ya kijani. Baba Rehema amenitumia humo ujumbe mmoja: "Karibu tena, Baba Stella." Na alama ya mikono iliyofumbatana. Ile ya bluu ameifuta.

Wenzangu mnaopima programu za simu kwa uzito wake na bando inalokula, kama nilivyopima mimi, sikilizeni: pimeni kwanza nani yuko ndani. Na mtani akikuandikia kifo, mpigie umsikie sauti. Maandishi hayana koo, hutajua kama aliyeandika alikuwa anacheka au anajikaza.

Sasa nishaurini, hasa ninyi wenye watani. Mfuko wa korosho uko juu ya kabati. Kuzila siwezi, kuziuza siwezi. Nikimrudishia Bibi nikamwambia ukweli, nitakuwa nimemwambia pia kwamba mwanawe alimdanganya kwenye matanga ya baba yake, na alidanganya kunisitiri mimi. Nikinyamaza, kila nikipita pale nitapewa kiti. Mama Stella anasema niende nikaseme. Ndugu zangu wanasema ninyamaze. Ninyi mnasemaje? Nijibuni upesi, korosho zilizobanguliwa hazikai sana.