Chetezo cha Alhamisi

Mama yangu ana pumu, na moshi wa kuni ulikuwa ukimmaliza. Mimi hapa Micheweni natengeneza kompyuta, na mtu wa kompyuta akishajua kidogo hujiona anajua kingi. Nilikuwa nimesoma kwamba umeme ukipita majini hutoa gesi inayowaka. Nikajiambia, basi mama atapikia maji.

Kwenye kompyuta mbovu nilichomoa kile kisanduku cha kugawa umeme, nikakiwasha kwa kuunga waya wa kijani na mweusi. Nyaya nyingine mbili nikazifunga kwenye vijiko, vijiko nikavitumbukiza ndooni. Maji ya bomba hayakufanya la maana. Mwenzangu kazini akaniambia nitie chumvi. Sasa mtu wa Pemba anunue chumvi ya nini, na bahari iko nyuma ya choo? Nikateka dumu zima.

Mapovu yakachemka kama futari. Nikafunga dirisha na mlango wa chumba changu, gesi yangu isipotee, nikakaa nikijisifu. Kisha pua ikaniwasha. Harufu ile niliijua, ndiyo ya klorini, dawa waliyotutilia kisimani wakati wa kipindupindu, ila hii ilinikaba koo. Niliogopa hasa. Kwa chumvi ile nilikuwa nimetengeneza sumu ndani ya nyumba ya mgonjwa wa pumu.

Nikazima umeme ukutani. Kabla sijafika dirishani nikasikia kandambili za mama ukumbini. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, na Alhamisi mama hufukiza udi nyumba nzima. Nyumba ikinuka ndiyo kabisa, haulizi.

"Weye, yanuka nini humo?" akasema mlangoni. "Fungua nifukize."

Chetezo anacho mkononi, makaa mekundu, na chumbani mmejaa gesi niliyoitega mwenyewe ili iwake.

"Mama, nakuomba, rudi uwani na moto wako. Usifungue."

Maishani mwangu sijawahi kumkataza chumba cha nyumba yake. Nikangoja kitasa kicheze, shahada mdomoni. Kisha kandambili zikaondoka taratibu, na kikohozi nyuma yake.

Nilifungua dirisha, nikarukia nje. Nilimkuta jikoni ameinama, anapuliza kuni za chakula cha usiku, kila pumzi inapiga mluzi. Akaniuliza nilikuwa nikifanya nini mle. Nilipiga magoti, nikamsogeza, nikapuliza mimi. Kifua changu ni kizima, na miaka yote ile sikuwahi kumpokea kazi hiyo.