Boke na Hisa za Mbalamwezi

Habari hii hamtaiamini, na mkimaliza kuisoma mtasema mjomba ameanza tena. Semeni. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kichwa hiki kiliendelea peke yake.

Boke, mtoto wa dada yangu, anauza dagaa Mukendo, hapa Musoma. Magunia yamemuumiza mgongo, ndiyo maana alikuwaga ananunua hisa za benki pole pole, ili uzeeni arudi kwao Buswahili, ajenge, ale gawio bila kubeba kitu. Tatizo, Boke anajua soko moja tu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwaka mitumbwi inalala, bei inapanda. Giza likirudi, bei inashuka. Akaamua hisa nazo ni hivyo hivyo.

"Mjomba, mbalamwezi hii nauza zote. Giza likiingia nazirudisha kwa bei ya kutupa."

"Kwani benki nayo inavua kwa taa?"

"Cheka tu!"

Akauza. Giza likaja, bei ikapanda. Akangoja giza lingine, ikapanda tena. Wenzake wakapokea gawio, yeye anakodolea anga. Mimi kila nikipita: "Boke, mwezi umesemaje?" Ananirushia maji.

Siku moja Ngusa, mkulima wa pamba wa Bunda, akaja kununua dagaa. Naye ana hisa za benki ile ile.

"Wewe unajuaje siku ya kununua?" Boke akamuuliza.

"Sijuagi. Nikiuza pamba, nanunua."

"Na bei ikianguka?"

"Dada, bei ya ng'ombe inaangukaga kila mwaka mnadani. Umeona nimefukuza ng'ombe zizini?"

Boke akapiga hesabu. Kununua tena sasa ni kupata hisa chache kuliko alizouza, na hiyo ilimuuma kuliko mgongo. Lakini akanunua. Tangu hapo kila mwezi ananunua kidogo, kuwe giza, kuwe mbalamwezi. Bei ilipoporomoka mwaka jana mimi ndiye niliyepiga kelele. Yeye alikuwa anapepeta dagaa.

Juzi gawio limeingia. Mnaonaje? Buswahili nzima imesimama! Ameinua ghorofa inayoonekana mpaka Bukima, amechinja ng'ombe, tena madume matupu, wasiopungua aro—

"Mjomba, hebu lete hiyo kalamu! Nimechimba msingi tu. Na aliyechinjwa ni jogoo, na paja umekula wewe!"