Hasira Iliyopata Kamera

Kati ya filamu zote za muziki wa punk, ule wa magitaa makali na makelele, naipenda zaidi moja inayoonyesha matukio ya kweli kuhusu vijana wa Ulaya. Huwa nawaambia watu kwamba hakuna binadamu aliyewahi kulia kwa hasira kuliko wale.

Juzi hapa mjini Baraka nilikwenda kuinakili kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, kwa bwana mmoja anayechajia watu simu karibu na soko. Akaifungua kwenye kompyuta ili kuijaribu. Mama mmoja aliyekuja kuchukua simu yake, mkimbizi aliyeshuka kutoka milima ya Minembwe, akainama kutazama. Aliona nguo zilizochanika, zimeshikizwa kwa pini.

"Bale batoto balikimbia vita ya wapi?" akauliza.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Ni banamuziki. Banapasula nguo benyewe."

"Benyewe? Juu ya nini?"

"Balikasirikia serikali yabo."

Mama akagusa bega lake, pale kitenge kiliposhikizwa kwa pini moja. Nikaona aibu, nikaomba sauti ipunguzwe.

"Acha balie," akasema, macho bado kwenye kompyuta. "Siku benye bunduki balichoma kwetu, sisi tulilia kushinda bale. Hakuna mwenye alileta kamera."

Akachukua simu yake, akaenda.

Filamu bado naipenda. Ila ile sifa yangu naisahihisha: hakuna waliolia kwa hasira kuliko wale, mbele ya kamera.