Inchi za Gervasi

Gervasi ni fundi cherehani pale Mwanga, baraza moja na mimi. Mimi nauza vitenge, nyuzi na vifungo. Jina langu Ziada, mzaliwa wa Ujiji, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Tumekaa baraza hilo miaka kumi na minne. Gervasi ni Muha wa Kasulu, mpole, lakini mbishi wa kimyakimya: ukimtania hakujibu, na kesho yake anafanya vilevile alivyokusudia.

Vita vya ng'ambo ya ziwa vilipokolea, kila baraza hapa mjini lilipata jenerali wake. Wetu alikuwa Feliksi, fundi viatu. Asubuhi hata gundi hajafungua, keshasoma simu yake na kutangaza nani kapigwa. Kuna wanaoshikilia miji ya kando ya ziwa na kuna wanaoshikilia milima, na mwaka wa pili ule hakuna aliyemtoa mwenzake. Wamekaa tu wanamalizana. Feliksi akasema wa milimani ndio wanaokwisha.

"Simu yako inapewa habari na wenye vita," Gervasi akamwambia. "Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi nina futikamba."

Tukacheka. Kumbe mwenzetu alikuwa na hesabu yake. Wafanyabiashara wa ng'ambo huteremka na boti Kibirizi, wakanunua sabuni na chumvi, na wakisubiri boti ya kurudi humletea Gervasi nguo zilizowapwaya azipunguze. Wanatoka pande zote mbili, kwa sababu chumvi haina upande. Kila aliyepunguziwa, Gervasi alimwandika daftarini: wa ziwani ukurasa wa kushoto, wa milimani ukurasa wa kulia, na inchi alizomtoa kiunoni. Mwisho wa mwezi anajumlisha inchi, anagawa kwa watu. Wa ziwani walikuwa wanapungua inchi tatu kila mtu. Wa milimani, inchi moja.

Nitasema kweli, nilivutiwa. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini kiuno chake kitadanganyaje? Nikawa namtetea mbele ya Feliksi, na sauti yangu mnaijua.

Sasa, Gervasi ana binti mmoja, Yunisi, kaolewa huko huko ng'ambo, katika mji wa kando ya ziwa. Ana watoto watatu. Mwezi wa pili akapiga simu, tukiwa wote barazani; Gervasi huongea kwa spika.

"Shikamoo, baba. Nehemia anataka tuhamie kwao milimani. Mama yake ni mzee, hawezi kutembea, na yeye hawezi kumwacha. Mimi naogopa. Wewe unaonaje?"

Gervasi hakujibu kwa pupa. Akavuta daftari, akafunua, akapitisha kidole. Nilimwona kwa macho yangu.

"Nendeni," akasema. "Milimani watu wana nafuu. Nimewapima."

Nami nikadakia kwa sauti ili asikie: "Nenda mwanangu, baba yako hakosei!" Maneno hayo bado yananikaa kooni.

Wakahama. Mwezi wa tatu Gervasi kaandika watu wawili tu wa milimani, nusu inchi kila mmoja. Mwezi wa nne ukurasa wa kulia ukabaki mweupe. Gervasi akafurahi: hakuna anayepungua tena. Simu ya Yunisi haikupatikana, tukasema ni mtandao, milima ile mtandao wake wa kuokoteza. Ndiyo, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hilo tunalijua sote, na hakuna aliyelikumbuka.

Mwezi wa tano akaja Eufrasia, muuza mitumba, na furushi la suruali za kiume. Alitaka zikatwe ziwe kaptula za shule.

"Umezitoa wapi, nzuri hivi?" nikamuuliza.

"Kwa mwenye boti. Watu wa milimani wanambadilishia kwa unga. Suruali moja, kilo mbili."

Gervasi akachukua ya kwanza, akaigeuza ndani nje, kama anavyofanya kila fundi kabla ya kukata. Kisha ya pili. Ya tatu ilikuwa ya bluu, ya suti. Akaigeuza, akasimama. Gervasi humalizia kiuno kwa uzi wa kijani hata kama nguo ni nyeusi. Ni alama yake, na uzi huo anaununua kwangu. Suruali ile alimshonea Nehemia siku ya harusi.

Hata Feliksi aliacha nyundo.

Mimi ndiye niliyefungua kinywa, na nilisema taratibu, si kawaida yangu. "Gervasi, mwenye njaa hasa hapunguzi suruali. Anaiuza. Waliokuja kwako ndio waliokuwa na nguvu ya kuja."

Akalifungua daftari, ukurasa wa kulia, akaanza kuhesabu watu badala ya inchi. Mwezi wa kwanza kumi na mmoja. Wa pili sita. Wa tatu wawili. Wa nne hakuna. Yalikuwa yameandikwa hapo kwa mkono wake mwenyewe.

Akapiga simu siku hiyo, na kesho, na keshokutwa. Siku ya tano ikaita.

"Hatujambo, baba," Yunisi akasema. "Tunakula. Usijali."

"Nataka kukushonea gauni. Nipe kiuno."

"Thelathini na sita, baba. Kama lile la mwisho."

"Usikisie. Jipime sasa hivi kwa shibiri."

Tukasikia mtoto akilia nyuma yake.

"Yunisi, mimi ni fundi. Nidanganye lingine lolote, kipimo usinidanganye."

"Tatu, baba," akasema. "Shibiri tatu. Na kidogo."

Nikanyoosha shibiri yangu juu ya futikamba pale mezani. Inchi nane. Nilipozidisha nikajuta kuwa nimesoma.

"Njoo nyumbani," Gervasi akamwambia. "Niliyekutuma huko ni mimi. Nilikosa."

Ilichukua siku kumi na saba. Tuliwapokea Kibirizi, Yunisi na watoto wote watatu. Nehemia alibaki na mama yake. Aliwasindikiza mpaka ziwani, akiwa amejifunga shuka. Yunisi hakutaka kueleza zaidi, nasi hatukumuuliza. Suruali ya bluu Gervasi aliinunua kwa Eufrasia, akaitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani. Wateja wameiulizia mara tatu. Haiuzwi.

Kesho yake Feliksi, asiyejifunza, akauliza: "Sasa fundi, kwa hesabu zako, upande upi unakwisha?"

"Sijui," Gervasi akasema. "Nilikuwa nawapima wenye nafuu."

Daftari lipo, lakini siku hizi huandika oda tu. Yunisi alipokuja barazani kushonewa gauni, baba yake alichukua futikamba kwa mazoea. Yunisi akainua mikono kama alivyoinua akiwa mtoto. Gervasi akamtazama, kisha akairudisha futikamba shingoni, akachagua kitenge kwangu, akakata.

Nikaona anavyokata, nikashindwa kunyamaza. "Hilo ni thelathini na sita. Litamvuka mtoto wa watu!"

"Najua," akasema, huku anatunga uzi wa kijani. "Nashona la mwezi wa kumi na mbili."