Masweta Thelathini na Sita kwa Siku Mbili

"Tatu na sita ni tisa, gawa kwa mbili: siku nne na nusu," anasema Anania, fundi viatu, nyundo mkononi. "Shule inataka masweta yake Ijumaa asubuhi. Dada Idda, utaumbuka."

Ni Jumatano, saa moja asubuhi, Makambako. Baridi inauma, lakini majirani wamekwisha kujaa mlangoni. Ubishi hapa haukosi watu.

Ndani ya kibanda cha mbao, Idda (34) haachi kusukuma mashine yake ya kufumia. Akiwa peke yake, masweta thelathini na sita humchukua siku tatu. Jirani yake Margareth, mwenye mashine ya zamani, huchukua siku sita. Leo wameungana.

"Kwa hiyo mimi peke yangu siku tatu, Margareth akinisaidia nne na nusu?" anauliza Idda. "Anafuma au anafumua?"

Margareth ndiye wa kwanza kucheka.

Idda anaokota chaki. "Hatujumlishi siku, baba. Tunajumlisha kazi ya siku moja. Yangu moja ya tatu, yake moja ya sita. Zipe asili moja: mbili ya sita na moja ya sita, jumla tatu ya sita. Ni nusu. Nusu leo, nusu kesho."

Hesabu hiyo imemgharimu. Aliifeli kidato cha nne. Mwaka juzi akaiahidi shule nyingine kwa kukisia, akachelewa siku mbili, oda ikahamia Njombe mjini.

"Nililia, halafu nikanunua daftari," anasema.

Sasa anasoma masomo ya jioni. Jaribio lake la mwisho la aljebra, alama 81, limebandikwa ukutani mahali pa picha ya harusi.

"Mtu akitumia siku x, kwa siku anafanya moja gawa kwa x," anaeleza. "Na x haiwi sifuri. Hakuna anayemaliza kazi kwa siku sifuri, labda Anania, kwa mdomo."

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, shingo ya sweta la mwisho inafungwa. Anania anahesabu, anarudia. Thelathini na sita.

"Novemba nafanya mtihani wa taifa," anasema Idda, akifunga furushi. "Nikifaulu, mafundi wa mtaa huu nitawafundisha hapahapa."

Anania anakusanya nyundo zake taratibu.

"Unakwenda wapi?" Idda anamwita. "Viazi na maharage vimeiva. Tuko watatu, yako moja ya tatu. Karibu ndani, ule."